Sura za Wafinalisti wa Goma, 2025: shajara ya kazi

Februari 2025, mwisho wa mwezi

Mradi kwanza, ili msomaji ajue ameingia wapi. Ni picha za sura za wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika shule moja ya sekondari hapa Goma, mashariki ya Kongo, promosyo ya 2024–2025. Kila mfinalisti na picha yake, chini yake aya fupi nitakayoiandika mimi baada ya kukaa naye, kisha albamu moja ya wote. Jina la shule halitatajwa, wala majina ya wanafunzi. Wazazi ndio walioweka sharti hilo, na wasingeliweka ningeliweka mwenyewe.

Wazo ni la wanafunzi. Waasi wa M23 walipoingia mjini usiku wa tarehe 26 Januari kuamkia 27, watu walikaa sakafuni na simu mkononi wakifuta. Walianza na picha za askari na za bendera, wakaja kwenye ujumbe wa vikundi, wakamalizia na picha za harusi, maana mwenye hofu hachagui. Wafinalisti hawa walifuta hata karamu yao ya Desemba. Mmoja alikuwa amezituma picha kwa shangazi yake Bukavu. Katikati ya Februari Bukavu nayo ikachukuliwa, shangazi akafuta. Sasa darasa zima halina picha hata moja ambamo wamekaa pamoja. Wamekuja studio wawakilishi wao, wamevaa sare kana kwamba wanakwenda kwa prefe, mkuu wa shule, wakasema: "Yaya, tupige upya kabla ya Exetat." Yaya hapa kwetu ni kaka au dada mkubwa; Exetat ni mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Nikakubali kabla sijapiga hesabu.

Shule zimefunguliwa mwezi huu, lakini madawati mengi ni matupu. Wengine wamevuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, wengine hawajapata ruhusa ya mama zao kutoka nje. Umoja wa Mataifa ulisema maiti zilizohesabiwa mjini baada ya mapigano ni karibu 2,900. Kwa siku kadhaa hatukuwa na umeme wala maji ya bomba, tukawa tunateka ziwani na madumu.

Promosyo hii imeona mengi kwa umri wake. Wengi wamezaliwa 2007. Novemba 2012, M23 ilipoingia Goma mara ya kwanza na kukaa hadi tarehe 1 Desemba, walikuwa watoto wa chekechea. Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkeno Nyiragongo ukalipuka, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama; wakatembea kwa miguu hadi Sake, wakiwa na magodoro kichwani. Juni 2022 Bunagana ikaangukia mikononi mwa M23, na kuanzia hapo kila muhula ulileta wenzao wapya, kwanza kutoka Rutshuru, baadaye Masisi. Walipoanza mwaka wa mwisho, Septemba 2024, kambi za waliokimbia vita, Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zilikuwa zimefurika.

Haya nimeyaandika hapa mara moja. Kwenye albamu hayataingia.

Machi: mjadala wa pazia

Tupigie wapi? Mwalimu wao wa historia, mtu mwenye bidii, alikuja na simu yake kutuonyesha picha za wahitimu wa Chernihiv, Ukraine, za mwaka 2022. Wasichana wa magauni, vijana wa suti, ukanda wa mhitimu umepita kifuani, nao wamesimama kwenye mabomoko ya majengo yaliyopigwa mji wao ulipozingirwa. Nilikuwa nimeziona. Ni picha nzuri, hazisahauliki. Mwalimu akasema na sisi tuna kuta za kutosha.

Akajibiwa na msichana mmoja wa seksyo, yaani mchepuo, ya Latini-falsafa, yule ambaye hata akiomba chaki husimama wima kama anasoma hukumu: "Mwalimu, ule ukuta wa matundu ninaupitaka kila siku nikienda kuteka maji. Sitaki tena uende kukaa sebuleni kwa bibi yangu." Darasa likapiga meza.

Nimelifikiria jibu lile wiki nzima na sasa naliona hivi. Picha za Chernihiv zilikwenda kwa dunia iliyokuwa imegeuza shingo kutazama. Picha za Goma zenye mabomoko dunia inazo tangu 1994, za wakimbizi, za kipindupindu, za lava, za foleni za mahema, na sijasikia mtu akiuliza yule kijana aliyesimama mbele anasoma seksyo gani. Huyu anasoma biokemia. Yule ni wa biashara. Hilo ndilo ninalotaka lionekane, nalo halihitaji ukuta.

Kwa hiyo pazia, tena la kuchorwa, la studio, kama wazazi wao walivyopigwa. Tumempata mchoraji wa mtaa wa Birere ambaye kazi yake ya kila siku ni mabango ya vinyozi. Darasa likapiga kura juu ya kitakachochorwa. Wavulana walitaka bulvadi ya Kinshasa na maghorofa yake usiku. Wasichana walitaka ziwa. Ziwa likashinda, kwa sababu wasichana ni wengi na kwa sababu mvulana aliyehesabu kura alikuwa anamtaka mmoja wao.

Mchoraji akachora Kivu vizuri, na mitumbwi ya kuvua sambaza, samaki wadogo wa ziwa, na Nyiragongo nyuma ukitoa moshi. Darasa likakataa moshi. "Yani diploma ya baba ikae ukutani na volkeno inawaka?" Mchoraji naye akakataa: mlima usio na moshi si Nyiragongo, ni mlima wowote, na yeye hachori mlima wowote. Mazungumzo yalidumu kuliko mazungumzo mengine ya mwaka huu ambayo tumesomewa redioni. Suluhu ikawa wingu. Lina rangi ya kijivu kidogo, na limekaa palepale penye kreta. Kila upande unadai umeshinda.

Machi, baadaye: karatasi, wino, pesa

Nitaandika kwa kifupi kwa sababu inachosha. Uwanja wa ndege umefungwa tangu Januari, kwa hiyo karatasi za picha zinatoka Kigali na kuvuka mpaka Gisenyi, kidogo kidogo, kwenye mifuko ya mama wanaovuka kila siku na mboga. Benki zimefungwa. Pesa iko kwenye simu, na ukitaka kuitoa iwe noti unakatwa asilimia inayobadilika kulingana na sura ya wakala siku hiyo. Noti za faranga zilizobaki mjini zimechakaa hadi zinapokelewa kwa kunusa.

Nimeamua kutowadai wanafunzi. Wazazi wanaoweza wanaleta kitu. Mmoja ameleta makaa, mwingine samaki, baba mmoja fundi umeme amenitengenezea chaja ya betri za kamera kwenye paneli ya jua. Taa sina, natumia dirisha la mashariki na shuka jeupe upande wa pili kurudisha mwanga. Asubuhi kati ya saa mbili na saa nne mwanga ni mzuri kabisa. Saa hizo zinafaa pia kwa sababu nyingine: wavulana hawapendi kuonekana barabarani jioni, misako ya vijana kwenye kartie, mitaani, imekuwa mingi.

Kadi za memori hazilali studio.

Aprili, kabla ya Pasaka: koti moja

Vikao vimeanza. Na hapa lazima nimtaje mshonaji.

Yeye ni wa seksyo ya ushonaji, mfupi, sindano mbili zimechomekwa daima kwenye ukosi wake, na anaongea huku pini ziko mdomoni, hivyo kila anachosema kinatoka kama siri. Aliposikia kwamba wengi hawana nguo ya picha, alichukua kitambaa cha rangi ya bluu ya usiku kilichobaki kwenye karakana ya shule, akashona koti. Moja. Amelikata kwa kipimo cha mvulana mkubwa kuliko wote, na mgongoni ameacha nafasi ya pini na kamba, hivyo linaweza kukazwa likamkaa hata msichana mwembamba kuliko wote. Ukiwatazama kwa mbele, kila mmoja amevaa koti alilopimiwa yeye. Ukienda nyuma utadhani wamefungwa bandeji. Ameniomba nisipige kamwe mgongo wa mtu.

Aya yake nimeiandika hivi: *Amewavika wote. Akikutazama usoni ujue anakupima mabega. Anaogopa Kifaransa cha kusema na haogopi kitu kingine chochote ninachokijua.*

Baada ya koti kuna pasi. Kijana wa biashara amejipa kazi ya kunyoosha kola za wenzake kwa pasi ya makaa, na kila kola anaiandika kwenye daftari, upande wa debiti na upande wa krediti, kwa utaratibu wa OHADA kama walivyofundishwa. Nilidhani ni mchezo. Si mchezo. Amemfuata mtu hadi chooni kumkumbusha deni la kola mbili. Mikono yake ina alama ndogo za makaa, na alipokaa kwenye kiti cha picha aliificha, halafu akaitoa, akaiweka juu ya magoti, wazi. Nikapiga hapohapo. *Anayetafuta mhasibu amtafute huyu. Hesabu zake zinafunga, na pasi yake haijaunguza shati la mtu.*

Yule wa Latini-falsafa aligoma kucheka. Nilimwambia nina picha nyingi za kumpiga, apumzike uso. "Mawakili hawachekicheki, Yaya." Wenzake waliokuwa nyuma yangu wakaanza kumfanyia vituko, mmoja akavaa ndoo kichwani. Akawatazama kwa huruma kubwa. Picha ninayoipenda ni hiyo ya huruma: nyusi zimepanda kidogo, midomo imefungwa, na chini ya utulivu wote ule kuna kicheko kimekaliwa kwa nguvu. *Siku moja atamtetea mtu ambaye hana pesa, na mwendesha mashtaka ataomba apumzike.*

Mei: walimu, viatu, na barua ya wafadhili

Msichana wa pedagojia alikuja mapema kuliko wote, akaanza kuwapanga wenzake kwenye mstari, akawakagua kucha. Mimi mwenyewe aliniambia kamera yangu iko chini mno, nitawapiga tundu za pua. Alikuwa sahihi.

Mwaka jana, mbali na masomo ya mazoezi wanayotakiwa kufundisha kwenye shule za msingi, alikuwa akienda Lushagala kila Jumamosi kuwafundisha watoto wa kambini kusoma, chini ya turubai. Februari watu wa kambi waliamriwa warudi walikotoka, na kambi zikabaki mawe matupu. Wanafunzi wake wametawanyika, wengine Mushaki, wengine Karuba, wengine hajui. Daftari la mahudhurio analo. Alikuja nalo kwenye picha, nikamwuliza kama anataka lionekane. Akafikiri. Akasema hapana, hilo ni la kazi. Akachagua chaki, akaishika kama mtu anayeanza kuandika tarehe ubaoni.

*Ukiingia darasani mwake umechelewa, hatakufokea. Atasubiri ukae, kisha atakuuliza swali ambalo wote wamekwisha kulijibu.*

Halafu kijana wa Sake. Anakaa kwa mjomba wake Ndosho, asubuhi anauza yunite za simu, mchana darasani. Ni mchekeshaji wa promosyo. Anamwiga prefe kwa namna ambayo siku moja prefe mwenyewe, akiwa koridoni, alijibu "ndiyo" akidhani ameitwa na mkaguzi. Kwangu alifika ametulia. Akaniita pembeni: "Yaya, utanikata hapa, sawa?" Akaonyesha tumbo. Nikaangalia chini. Viatu vilikuwa vya watu wawili tofauti, vyote vya mguu wa kulia.

Nikamwambia picha zote za sura ni za kifuani, ndiyo maana zinaitwa za sura. Hapo akarudi kuwa yeye: "Basi hata suruali ningeacha nyumbani." Darasa zima likasikia. Picha iliyopatikana ni ya sekunde ile aliyomaliza kusema, kabla wenzake hawajaanza kuanguka. *Ana sauti saba na zote ni zake. Asipokuwepo darasani, prefe hupotea pia.*

Mwezi huu pia nilipata barua kutoka shirika moja la nje lililosikia habari za mradi. Wanataka kununua picha kumi, kwa dola, pesa ambayo ingelipa karatasi na wino wote hadi mwisho. Wanaomba tu "zenye hisia zaidi", na ikiwezekana kila kijana aeleze alichopoteza. Nilisoma barua mbele ya wawakilishi wa darasa kwa sababu pesa ingekuwa yao. Msemaji wao, huyohuyo wa Latini, akauliza kama kuna fomu ya kueleza mtu alichopata. Nimewajibu kwa adabu kwamba picha hizi haziuzwi. Siwalaumu sana, nao wana wakubwa wao wanaowadai hisia. Lakini nimegundua kwamba kila aliyewahi kuja Goma na kamera alikuja na orodha, na mfinalisti hajawahi kuwamo.

Mei, Jumamosi: mama wa 2002

Mama mmoja alimsindikiza binti yake wa biokemia, akakaa kwenye benchi akitazama pazia muda mrefu. Akasema mimi pia nilikuwa mfinalisti, 2002.

Mwenye umri wake anajua mwaka huo una nini. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka kutoka Nyiragongo ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikachukua nyumba yao ya Murara na kila kilichokuwamo. Wakati ule tulikuwa chini ya waasi wa RCD. Alifanya mtihani huo, alifaulu, lakini hela ya mpiga picha ilikuwa hela ya mabati. Hajawahi kupigwa picha ya ufinalisti.

Binti ndiye aliyesema: "Mama, vaa koti."

Koti halikufika. Mshonaji akatoa pini zote za mgongoni, akafungua mshono mmoja wa kwapa kwa wembe, akalishika kwa mbele tu. Mama akauliza kama anyamaze au acheke, binti akamwambia afanye anavyotaka, hii si ya pasipoti. Nimewapiga kila mmoja peke yake na kisha wote wawili. Katika hiyo ya wawili ni binti anayemshika mama bega, kama mzazi anayempeleka mtoto shule. Prefe amekubali picha ya mama iingie kwenye albamu, ukurasa wa mwisho, na maelezo ya mwaka wake. Wanafunzi wamekwisha kumwita "Finalisti" wakikutana naye sokoni.

Kabla ya mtihani

Insha ya Kifaransa na mtihani wa kusema vimepita. Mshonaji alitoka chumbani akiwa na pini mdomoni, nikaogopa kuuliza.

Kuna wasiwasi ambao kila mzazi anautaja kwa sauti ya chini. Exetat ni mtihani wa taifa lote, diploma yake ni ya Jamhuri, na mji uko mikononi mwa watawala wengine. Je, karatasi itatambuliwa Kisangani, Lubumbashi, Kinshasa? Ni swali halali. Wanafunzi wanalijibu kwa kuendelea kukariri.

Leo imenifikia picha ambayo sikuipiga. Mmoja wao, mchezaji wa mpira, mtoto wa pekee, alipelekwa na baba yake Beni mwezi wa pili, kwa njia ndefu: Gisenyi, kupitia Uganda, kuingia tena Kongo kwa Kasindi. Atafanyia mtihani huko. Nilikuwa nimemwambia kwa WhatsApp asimame tu mbele ya ukuta mweupe, asubuhi, amwombe mtu ampige kwa simu. Yeye akaenda studio ya Beni. Ametuma picha ambamo amesimama mbele ya pazia lenye ngazi za marumaru, tai nyekundu, mkono mfukoni, na nyuma yake kuna ndege, ndege kabisa ya kusafiria, imechorwa inapaa. Chini ameandika: "Niambieni nani ana pazia."

Darasa limekasirika vibaya sana. Wamemtumia picha ya wingu letu na matusi ya upendo ambayo hayaandikiki. Nimeiweka kwenye albamu kama ilivyo, na tai yake.

Wiki ya mtihani

Siku nne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya seksyo. Sikupiga picha yoyote. Nilipita mara moja asubuhi kwenye kituo, nikawaona kwenye foleni ya upekuzi, kalamu mkononi, kola zote zimenyooka. Mhasibu alikuwa wa mwisho kuingia, na nadhani alikuwa anahakiki.

Matokeo

Matokeo yanakuja kwa simu: unatuma namba yako ya mtihani, unasubiri ujumbe. Asubuhi ile mji mzima uliinamia viganja vyake.

Kwa desturi ya Kongo aliyefaulu anamwagiwa poda. Ya watoto, ya talki, ikikosekana unga wa muhogo. Kichwani, usoni, mgongoni, na anabebwa kartie nzima kwenye pikipiki huku filimbi zinalia. Safari hii wazazi wengi waliwaambia wanao washerehekee ndani ya ua. Walisherehekea ndani ya ua. Kwangu walikuja kumi na zaidi, weupe kutoka nywele hadi kope, wakanipaka na mimi, wakaipaka kamera, na sasa lenzi moja inalia ukiizungusha.

Nikapata nilichokuwa nimekikosa tangu Februari: picha ninazoweza kuwaonyesha watu. Chini ya poda hiyo hata mama zao walilazimika kuwauliza wewe ni nani. Sura hazitambuliki, furaha inatambulika. Hizo ndizo nilizozitoa hadharani, na hizo peke yake.

Wa Latini amefaulu kwa asilimia kubwa kuliko wote, na amecheka, na ninao ushahidi. Wa Sake ana asilimia 51, amezitangaza kwa sauti ya prefe. Wa Beni amefaulu. Msichana wa pedagojia amefaulu na kesho yake alikuwa anatafuta kazi. Binti wa biokemia anataka udaktari, UNIGOM, Chuo Kikuu cha Goma, kama hela itapatikana.

Mshonaji hakufaulu.

Hakuja siku ya poda. Jioni alituma ujumbe akiomba picha yake iondolewe. Nikamjibu kwamba albamu ni ya wafinalisti, na ufinalisti hausahihishwi na mkaguzi yeyote, lakini uso ni wake na uamuzi ni wake. Nikaacha ukurasa wazi. Wenzake walikwenda kwake, mmoja mmoja, sijui walisema nini na sikuuliza. Baadaye sana ukaja ujumbe mwingine: "Yaya, iache. Ila andika kwamba koti ni langu." Nimeandika, kwa herufi kubwa kidogo kuliko za wengine. Atarudi kwenye mtihani mwakani kama mtahiniwa huru, na tayari ana wateja wawili wa magauni.

Oktoba: albamu

Kurasa zimechapwa isipokuwa chache, karatasi ikifika zitamalizika. Fundi wa kujalidi vitabu wa Birere amekubali jalada la kitenge, kila nakala kitenge chake, kwa sababu hakupata kipande kirefu cha aina moja. Nakala ya shule itakaa kwa prefe, si maktabani. Nakala ya pili nimeivusha mpaka, ipo kwa mtu ninayemwamini. Nakala ya Beni itapita Uganda na dereva anayekwenda kila wiki. Nimemlipa nusu, nusu atalipwa ikifika. Aya za wawili bado sijaziandika vizuri, pacha wa biashara wanaomaliziana sentensi, na nimekataa kuwaandikia aya moja kwa sababu maisha yao yote watu wamekuwa wakiwafanyia hivyo.

Pazia limeombwa na darasa linalofuata. Mchoraji amesikia na amepita mara mbili kunichungulia, nadhani anataka kurudia lile wingu.

Mhasibu alikuwa wa kwanza kuja kuchukua nakala yake. Aliifungua, akatazama kola za watu wote ukurasa kwa ukurasa, akaridhika. Kisha akatoa daftari akanionyesha jina langu upande wa debiti: kunyoosha pazia, mita sita, haijalipwa. Nimemtumia kwa M-Pesa akiwa amesimama palepale, akasubiri ujumbe uingie ndipo akaaga.